Rudolf Diesel: Mtu aliyepigana na upotevu wa mafuta

Jina lake linatajwa kila siku kwenye vituo vya mafuta vya Masasi na Newala, na wengi wanaolitaja hawajui kuwa ni jina la mtu. Dizeli tunayojaza kwenye pikapu, malori ya korosho, matrekta na mashine za kusaga imepata jina lake kwa mhandisi wa Kijerumani, Rudolf Diesel, aliyezaliwa mwaka 1858 na kufariki mwaka 1913.

Tunaandika habari zake kwa sababu swali lililomsumbua maisha yake yote ndilo linalowasumbua wenye magari ya zamani hapa Mkomaindo: mafuta ninayonunua yanapotelea wapi? Ukielewa jinsi alivyolijibu, hutakubali tu kila unachoambiwa gereji.

Mtoto wa fundi wa ngozi

Diesel alizaliwa Paris, Ufaransa, tarehe 18 Machi 1858. Wazazi wake walikuwa Wajerumani na baba yake alikuwa fundi wa kazi za ngozi. Hawakuwa watu wa mali. Mwaka 1870 vita vilipozuka kati ya Ufaransa na Wajerumani, familia ililazimika kukimbilia London. Maisha yalikuwa magumu, na kijana Rudolf, akiwa na miaka 12, akapelekwa peke yake kwa ndugu zake katika mji wa Augsburg, Ujerumani, ili asome.

Alisoma kwa bidii na akapata ufadhili wa kwenda chuo cha ufundi cha München. Mwaka 1880 alihitimu akiwa na alama za juu sana. Mmoja wa walimu wake alikuwa Carl von Linde, mtaalamu wa mashine za kutengeneza barafu, na ndiye aliyempa kazi Paris baada ya masomo.

Moto mwingi, kazi kidogo

Wakati huo viwanda, meli na treni viliendeshwa kwa mvuke. Darasani Diesel alijifunza jambo ambalo hakulisahau: mashine za mvuke zilitumia takriban sehemu 10 tu kati ya 100 za joto la makaa ya mawe kufanya kazi, na nyingi hazikufika hata hapo. Sehemu zilizobaki zilipotea hewani. Ni kama kununua magunia 10 ya mahindi ukafika nyumbani na gunia moja.

Aliona hasara hiyo inawaumiza zaidi watu wadogo. Tajiri aliweza kununua mashine kubwa na makaa mengi, lakini seremala au mfumaji hakuweza. Diesel alitaka mashine inayotumia mafuta kidogo ili hata fundi mwenye karakana ndogo aweze kuimudu.

Siri ya pampu ya baiskeli

Ukijaza upepo kwenye tairi la baiskeli, shika sehemu ya chini ya pampu. Utakuta ina joto. Hewa ikibanwa hupata moto, na kadiri inavyobanwa zaidi ndivyo joto linavyopanda.

Diesel alijenga wazo lake juu ya jambo hilo. Ndani ya silinda, pistoni inabana hewa peke yake mpaka joto lake linapita nyuzi 500. Hapo ndipo mafuta yanapoingizwa kidogo kidogo, na yanawaka yenyewe bila plagi ya kutoa cheche. Kwa kuwa hewa imebanwa sana, sehemu kubwa zaidi ya moto inageuka kuwa nguvu ya kusukuma. Alipewa hati ya kulinda ugunduzi wake mwezi Februari 1893.

Miaka minne ya majaribio

Karatasi ilikuwa tayari, lakini chuma kilikataa. Kiwanda cha mashine cha Augsburg kilikubali kumsaidia, na kampuni ya Krupp ikachangia fedha. Tarehe 10 Agosti 1893 mashine ya kwanza ilijaribiwa. Mafuta yaliwaka kwa kishindo na kifaa cha kupimia mgandamizo kikapasuka. Watu waliokuwepo walinusurika, na Diesel akapata uhakika aliokuwa anautafuta: hewa iliyobanwa inaweza kuwasha mafuta.

Februari 1894 injini ilizunguka yenyewe kwa takriban dakika moja. Baadhi ya mahesabu yake ya mwanzo hayakutimia, akayabadilisha. Alihangaika na namna ya kunyunyiza mafuta, kuzuia hewa isivuje na kupata wakati sahihi wa mafuta kuingia.

Mwezi Februari 1897 profesa mmoja wa München, Moritz Schröter, aliipima injini hiyo rasmi. Alipima mafuta yaliyoingia na kazi iliyotoka. Matokeo yalikuwa sehemu 26 kati ya 100, zaidi ya mara mbili ya mashine nyingi za mvuke. Wenye viwanda waliamini kwa sababu waliona kipimo.

Mafuta ya karanga mjini Paris

Mwaka 1900 kulikuwa na maonyesho makubwa ya dunia mjini Paris. Injini moja ndogo ya aina ya Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, na wengi waliopita hawakutambua tofauti. Serikali ya Ufaransa ilikuwa ikifikiria makoloni yake ya Afrika, mahali ambapo karanga zinalimwa. Miaka ya baadaye Diesel mwenyewe alilizungumzia wazo hilo, akiona kwamba mkulima angeweza kuendesha mashine kwa zao la shamba lake.

Sisi wa kusini tunaijua karanga kwa historia nyingine. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga, ambao Nachingwea, jirani zetu, ilikuwa mojawapo ya maeneo yake, wakitafuta mafuta ya kula kwa ajili ya nchi yao. Ulishindwa, na mwaka 1951 serikali yao ikauacha.

Safari ya mwisho

Diesel alitajirika kwa kuuza haki za kutengeneza injini yake katika nchi mbalimbali. Lakini injini nyingi za mwanzo zilisumbua na wateja wakalalamika. Kulikuwa na mabishano kuhusu ugunduzi wake, afya yake ikadhoofika, na fedha alizowekeza hapa na pale zikapotea. Mtu aliyeziba mianya ya joto ndani ya silinda hakuweza kuziba mianya ya mfuko wake.

Jioni ya tarehe 29 Septemba 1913 alipanda meli iitwayo Dresden kutoka Antwerp, Ubelgiji, kwenda Uingereza. Alikula chakula na wenzake, akaagana nao na kwenda chumbani. Asubuhi hakuonekana. Siku kadhaa baadaye mabaharia wa Kiholanzi waliona mwili baharini, wakachukua vitu vilivyokuwa mfukoni, na mwanawe akavitambua kuwa ni vya baba yake. Wapo wanaoamini alijitoa uhai kwa sababu ya madeni, na wapo wanaoshuku mengine. Haijathibitishwa hadi leo.

Injini yake ilikuwa nzito mno kwa magari ya wakati huo. Malori ya dizeli yalianza kuuzwa miaka ya 1920, na mwaka 1936 Mercedes-Benz walionyesha gari dogo la dizeli, 260 D.

Gari lako likianza kula mafuta

Injini ya pikapu inayopanda leo kutoka Masasi kwenda Newala bado inahitaji mambo matatu aliyohangaika nayo Diesel: hewa ya kutosha, hewa hiyo ibanwe vizuri, na mafuta yanyunyizwe kama ukungu kwa wakati wake. Gari la zamani likianza kula mafuta, mara nyingi mojawapo limepungua, au kuna kitu nje ya injini kinalizuia gari kwenda.

Kwanza pima. Jaza tenki mpaka juu, andika kilometa, fanya kazi zako za kawaida, kisha jaza tena mpaka pale pale. Tuseme umekwenda kilometa 280 na umeongeza lita 40: gari lako linakwenda kilometa 7 kwa lita moja. Rudia mara mbili au tatu. Kumbuka kwamba mzigo mkubwa na mlima vinaongeza matumizi, kwa hiyo linganisha safari zinazofanana.

Kisha anza na vitu vya bei ndogo. Angalia kama mafuta yanavuja chini ya gari au kwenye mipira. Pima upepo wa matairi. Baada ya safari, sogeza mkono karibu na kila rimu bila kuigusa: moja ikiwa na joto kuliko nyingine, huenda breki imeshika. Fungua chujio la hewa, kwa sababu vumbi la barabara zetu hulijaza haraka. Badilisha chujio la dizeli na utoe maji yaliyojikusanya, hasa kama unanunua mafuta ya kwenye madumu. Uliza pia kama thamostati ipo. Baadhi ya magari ya zamani yameondolewa kifaa hicho, na injini isiyofikia joto lake inatumia mafuta zaidi.

Tazama moshi. Moshi mweusi unamaanisha mafuta ni mengi kuliko hewa, au nozeli zinamwaga badala ya kunyunyiza. Moshi mweupe unaoendelea hata injini ikishapata moto mara nyingi ni mafuta yasiyoungua: pampu imepoteza wakati wake au mgandamizo ni hafifu. Ule mweupe wa asubuhi unaokwisha baada ya muda mfupi si wa kutia hofu. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, na hapo ringi za pistoni au vali zinaweza kuwa zimechoka.

Baada ya hapo ndipo fundi apime nozeli kwenye mashine yake, aangalie wakati wa pampu, na mwisho apime mgandamizo wa kila silinda. Ovaholi ni kazi ya fedha nyingi, na inaweza kumaliza faida ya msimu mzima wa korosho. Kabla hujaikubali, mwombe fundi akuonyeshe kipimo cha kila silinda. Schröter alifanya hivyo mwaka 1897 mbele ya watu waliotaka kuweka fedha zao, na wewe unayeweka fedha yako una haki ile ile.