John Kirk: Daktari aliyefumbua siri ya sandarusi, akabanwa na karafuu za Pemba

Ukibahatika kumwona kima punju kwenye Msitu wa Ngezi, Pemba, jua kwamba jina lake la kisayansi limetokana na Mskochi mmoja aliyeishi Zanzibar karne ya 19. Kima hao wenyewe ni wageni Pemba, wachache waliletwa kutoka Unguja miaka ya 1970. Lakini Dk. John Kirk ana historia ndefu zaidi na kisiwa hiki.

Alizaliwa 1832 huko Barry, Scotland, akasomea udaktari Edinburgh. Kilichomvuta zaidi ni mimea. Mwaka 1858 aliungana na David Livingstone kwenye safari ya mto Zambezi. Miaka miwili baadaye mtumbwi wake ukapinduka kwenye maporomoko ya Kebrabasa, na maandishi na michoro yake ya mimea ikaenda na maji. Kazi yote ile, basi tena.

Zanzibar alifika 1866 kama daktari wa ubalozi wa Uingereza, na hapo akakutana na fumbo la sandarusi.

Wakati huo sandarusi ilikuwa biashara kubwa. Ilisafirishwa hadi Marekani na Ulaya kutengenezea vanishi. Ajabu ni kwamba iliyo bora kabisa haikutoka mtini. Ilichimbwa ardhini huko Mrima, mara nyingi mahali ambapo hakuna hata mti mmoja wa msandarusi. Sasa ilitoka wapi?

Kirk aliangalia vipande vilivyochimbwa, akakuta ndani yake majani na maua yaliyonaswa, yaleyale ya msandarusi ulio hai. Mti huu ukijeruhiwa gome hutoa utomvu kuziba kidonda. Utomvu unaganda, unadondoka, unafukiwa na udongo. Msitu unaweza kufa na kusahaulika kabisa, sandarusi ikabaki chini inazidi kuwa ngumu. Kwa hiyo mti ni uleule, tofauti ni umri tu. Matokeo hayo aliyachapisha London. (Sandarusi changa wenyeji waliiita chakazi. Wazungu ulimi ukawashinda, wakaigeuza kuwa neno lao la punda dume!)

Halafu ikaja Aprili 1872. Kimbunga kilipiga Unguja na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu. Pemba ikanusurika kwa kiasi kikubwa. Mkarafuu unahitaji miaka kama sita au zaidi kabla ya kuanza kuzaa, hivyo miti iliyobaki Pemba ghafla ikawa mali. Wenye mashamba wakataka kupanda zaidi, na kazi ya kuchuma ilifanywa na watumwa.

Hapo ndipo Kirk, ambaye sasa alikuwa balozi, alipoingia kwenye kibarua kigumu. Uingereza ilimtaka Sultani Barghash apige marufuku usafirishaji wa watumwa baharini. Sultani alikataa mwanzoni, na si ajabu, mashamba yake mwenyewe yalikuwa yameharibiwa na upepo. Kirk akamfikishia tishio la manowari kuzingira kisiwa. Juni 5, 1873 mkataba ukasainiwa, na soko la Mkunazini likafungwa.

Kwenye karatasi mambo yalikuwa yameisha. Baharini hayakuisha. Majahazi yaliendelea kuvuka usiku kutoka bara kwenda Pemba na watu ndani, huku mashua za jeshi la Uingereza zikiyawinda kwenye mkondo wa Pemba. Mkataba ulizuia kuwasafirisha tu. Aliyekuwa tayari shambani Pemba alibaki mtumwa.

Kirk hakuacha mimea. Alikuwa na bustani Mbweni na alituma sampuli Kew, ukiwemo mtambaazi wa mpira wa porini ambao nao umepewa jina lake. Mwaka 1884 alikusanya hata urujuani wa Afrika, ila jina la ua hilo likaja kwenda kwa Mjerumani, Saint Paul.

Aliondoka Zanzibar miaka ya 1880. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897. Kirk alifariki Uingereza Januari 1922, akiwa na miaka 89.