Padre Georges Lemaître: padre aliyetafuta mwanzo wa muda



Leo nawaletea maisha ya Padre Georges Lemaître, maana kila mara nasikia kijana akisema ukiipenda fizikia sharti uiache rozari. Jamani, huyu alivishika vyote viwili.

Alizaliwa Charleroi, Ubelgiji, mwaka 1894. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza akaacha masomo ya uhandisi, akaenda kutumikia kwenye mizinga. Baada ya vita akaingia seminari, akapata upadrisho mwaka 1923, kisha akaenda Cambridge kuisoma nadharia ya uhusianifu ya Einstein.

Nadharia hiyo inashangaza. Matukio mawili yaliyo mbalimbali, mimi naweza kuona hili limetangulia, wewe unayepita kwa kasi ukaona lile. Lakini kama moja limesababisha jingine, wote tutakubaliana: chanzo kwanza, matokeo baadaye. Hakuna habari inayoupita mwanga, unaokwenda kama kilomita 300,000 kwa sekunde.

Basi Lemaître akaufuata mnyororo huo wa sababu kurudi nyuma. Mwaka 1927 akaonyesha kwamba ulimwengu unapanuka. Einstein mwanzoni hakukubali. Mwaka 1931 akapendekeza kwamba vyote vilianza katika kitu kimoja kidogo, kama atomu, na pale mwanzoni hata neno “kabla” linakosa maana.

Mwaka 1951 Papa Pius XII alihutubia wanasayansi, akaihusisha habari hii na uumbaji. Ungedhani padre wetu atashangilia, kumbe hakufurahi. Kwake nadharia ilikuwa fizikia tu, na fizikia inaweza kusahihishwa kesho. Hakutaka imani ya watu iegemee hapo. Hata hivyo alibaki mtii, na kuanzia 1960 akaongoza Akademia ya Kipapa ya Sayansi.

Mimi naelewa hivi: Mungu si pete ya kwanza ya mnyororo. Ndiye anayeushika wote, na hii sekunde unayosoma imo. Kwa hiyo mwalimu akikuuliza Mungu alikuwa wapi kabla ya mlipuko mkuu, usitetemeke.

Alifariki Leuven tarehe 20 Juni 1966, muda mfupi baada ya kupata habari kwamba mabaki ya joto la mwanzo yamegunduliwa angani.

Wiki hii, kabla ya kufungua daftari la fizikia, fanya ishara ya msalaba. Halafu soma kwa bidii.