Sir Arthur Evans, Mfukuaji wa Knossos

Katika darasa letu kila mtu anaijua hadithi ya Mfalme Minos wa kisiwa cha Krete, na yule mnyama wake, nusu mtu nusu fahali, aliyefungiwa katika nyumba yenye njia za kupoteza watu. Lakini si wengi wamjuao mtu aliyekwenda kuitafuta kasri ya mfalme huyo kwa sururu na koleo.

Arthur Evans alizaliwa Uingereza mwaka 1851. Baba yake alikuwa mtu wa biashara ya karatasi na mpenzi wa vitu vya kale. Kijana hakuona mbali, bali kitu kidogo akikileta karibu na macho aliona alama zilizowapita wenzake. Macho hayo ndiyo yaliyompeleka Krete mwaka 1894, kufuata mihuri midogo ya mawe yenye alama za ajabu. Akina mama wa vijijini walikuwa wakiivaa shingoni kama hirizi ya kuongeza maziwa ya kunyonyesha!

Sikubaliani na wasemao kwamba yeye ndiye wa kwanza kuivumbua Knossos. Mwenyeji mmoja, Minos Kalokairinos, alikwisha kuchimba pale mwaka 1878 na kupata mitungi mikubwa, ila alikatazwa kuendelea. Evans alikuwa na fedha. Akainunua ardhi, na tarehe 23 Machi 1900 akaanza kazi. Hazikupita wiki nyingi akaona kiti cha enzi cha jiwe kingali kimesimama ukutani, na vibao vya udongo vilivyoandikwa. Vibao hivyo vilikuwa vimeanikwa tu. Moto ulioiteketeza kasri ndio uliovichoma, vikadumu zaidi ya miaka 3,000.

Wengi humlaumu kwa saruji. Nguzo za mbao zilikuwa zimeoza kitambo, naye akajenga upya na kupaka rangi, hata mgeni hawezi kujua lipi ni la kale na lipi ni la Evans. Hilo mimi namsamehe, maana ghorofa zile zingeanguka. Nisilomsamehe ni habari ya vibao. Alipiga chapa vichache tu, vilivyobaki akavishikilia miaka 40 akitumaini kuvisoma mwenyewe, na hakukubali kwamba lugha yake yaweza kuwa Kiyunani.

Mwaka 1936, akiwa mzee wa miaka 85, aliwaonyesha wageni vitu vyake huko London. Miongoni mwao alikuwamo mwanafunzi wa miaka 14, Michael Ventris. Evans alikufa mwaka 1941. Mwaka 1952 Ventris, ambaye kazi yake ilikuwa kuchora ramani za majumba, akatangaza kwamba maandishi ya vibao vilivyo vingi ni Kiyunani cha kale. Mlikuwa na nini ndani yake? Hesabu za kondoo, mafuta na nafaka, kama daftari la mtunza ghala. Maandishi ya aina nyingine, yaliyo ya kale zaidi, hakuna aliyeweza kuyasoma mpaka leo.