James Grant: Mwanasheria aliyeokoa watoto kwa chumvi na sukari

NI nadra mwanasheria kukumbukwa kwa kupigana na maradhi ya kuhara. Hata hivyo, ndivyo anavyokumbukwa marehemu James Grant, Mmarekani aliyeliongoza Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto (UNICEF) kwa miaka 15.

Grant alizaliwa mwaka wa 1922 jijini Beijing, Uchina, ambako babake alikuwa tabibu mashuhuri wa afya ya jamii. Alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha Harvard, akahudumu katika mipango ya misaada ya Marekani ng'ambo, kisha akatwaa usukani wa UNICEF mnamo 1980.

Wakati huo, mamilioni ya watoto walikuwa wakiangamia kila mwaka kwa maradhi yenye kinga au tiba nafuu. Mwishoni mwa 1982, Grant alizindua mpango wenye nguzo nne: kupima ukuaji wa mtoto, kumpa anayehara maji yenye chumvi na sukari, kumnyonyesha maziwa ya mama na kumchanja.

Mpango huo ulizua ubishi mkali. Katika kongamano la Alma-Ata la 1978, mataifa yalikuwa yameazimia kujenga huduma kamili za afya ya msingi. Halfdan Mahler, aliyekuwa mkuu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), alihofia kuwa kuteua mambo machache kungedhoofisha azimio hilo. Kwa Grant, mtoto aliyekuwa mahututi hangengoja zahanati ambayo haijajengwa.

Alitembea na pakiti ya chumvi hizo mfukoni, akiwaonyesha marais. Mnamo 1985, pande hasimu nchini El Salvador zilisitisha vita ili watoto wachanjwe. Mnamo 1989, aliongoza mashauriano yaliyowezesha misaada kuvuka hadi Sudan Kusini, Lokichoggio, Turkana, ikiwa kituo kikuu. Mwaka uliofuata, viongozi 71 walikutana New York kujadili maslahi ya watoto.

Saratani ilimuua Januari 28, 1995, siku chache baada ya kung'atuka.

Viwango vya chanjo vilipanda mno enzi zake, lakini katika baadhi ya nchi za Afrika vikashuka tena miaka ya tisini, kampeni zilipofifia. Watoto wengi walinusurika kwa haraka ya Grant. Zahanati alizodai Mahler zilibaki deni.