Marehemu Raven na Picha Zilizofika Embu

Wazazi wengi huiona alama ya mtihani wa akili kama kibaba cha mchele: kikijaa kimejaa, kikipungua kimepungua. Marehemu John Carlyle Raven, aliyezaliwa London mwaka 1902, alikuwa na hadhari zaidi.

Alisoma elimu ya nafsi King's College, kisha akafanya kazi na Dakta Lionel Penrose huko Colchester, aliyekuwa akichunguza watu wenye upungufu wa akili na jamaa zao. Mitihani ya siku hizo ilikuwa mirefu, imejaa maneno, na kuifasiri ni taabu tupu. Raven akatunga wake: nakshi iliyokatwa kipande, mfano wa mkeka uliotobolewa, na chini yake vipande kadhaa, anayepimwa achague kinachoziba. Hapana kusoma, hapana kuandika. Mtihani huo wa maswali 60 ulitoka mwaka 1938. Ule wa rangi, wa maswali 36, kwa ajili ya watoto wadogo, ukafuata mwaka 1947.

Sasa, mtoto akipata 17, ni nyingi au chache? Peke yake haisemi kitu. Raven aliwapima watoto wa Ipswich, akawapanga kwa umri, kisha akatazama kila alama inawapita wangapi katika mia ya marika. Aliye katika daraja ya 95 hakujibu sawasawa maswali 95. Amewapita wenziwe 95. Nasi chuoni, ni nani atakayempima mtoto wa alifu kwa aliyekwisha khitimu? Vivyo hivyo, mtoto wa Embu akipangwa kwa safu ya Ipswich, cheo chake chategemea safu ile pia, si kichwa chake tu.

Raven alifariki mwaka 1970. Mwaka 1984 picha zake zilitumiwa kupimia watoto wa vijijini Embu, wa miaka saba hivi. Mwaka 1998 wakapimwa wengine wa umri ule ule. Wastani ulipanda toka karibu 13 hadi 17 na ushei. Wastani, msomaji, si alama ya kila mtoto: wako waliobaki chini na waliopaa. Lakini damu ya watu haigeuki kwa miaka 14. Watafiti walitaja lishe na afya, na wazazi waliojua kusoma zaidi.

Kisha katika shule 12 za huko huko watoto wakapewa githeri: kundi moja yenye nyama, jingine pamoja na maziwa, jingine iliyozidishwa mafuta, na la nne halikupewa chakula. Waliokula ya nyama ndio waliopanda zaidi katika picha za Raven.