Tingatinga alichora miaka minne tu, lakini bado unamwona kila mahali

Ukifika Nanyuki, pale kwenye bango la ikweta ambapo watalii hupiga picha mguu mmoja kaskazini na mwingine kusini, hebu tembeza macho kwenye vibanda vya vinyago. Katikati ya vikapu na shanga utaona picha za wanyama. Twiga shingo imepinda kama swali. Chui macho yametoka kama sahani. Ndege ana rangi ambazo hujawahi kuziona kwenye ndege yeyote hapa Mlimani. Na rangi zenyewe zinang'aa, utadhani zimepakwa asubuhi hiyo.

Unazijua hizo picha. Pengine iko moja sebuleni kwa shangazi yako, kando ya kalenda ya mwaka juzi. Ukiuliza zinaitwaje, utaambiwa ni tingatinga. Wengi wetu tunaishia hapo. Tunadhani ni jina la mtindo tu, kama vile ankara au kitenge. Tena hapa kwetu ukitaja Tinga, mzee wako anaacha chai na kuanza siasa.

Lakini Tingatinga alikuwa mtu. Alikuwa na mke, watoto wawili, kodi ya kulipa na kazi za kubangaiza kama wewe na mimi. Alichora kwa miaka minne hivi, kisha akapigwa risasi usiku, kwa kosa ambalo hakulifanya. Leo nataka nikusimulie maisha yake, kwa sababu nadhani sisi vijana tunamdai yeye kidogo, na yeye anatudai zaidi.

Kutoka Tunduru hadi kwa mzungu

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 huko Tunduru, kusini mwa Tanzania, karibu na mpaka wa Msumbiji. Familia ilikuwa ya wakulima. Baba Mwislamu, mama Mkristo, na jina lake likabeba pande zote mbili. Shule hakwenda nayo mbali, aliishia ya msingi.

Unajua hadithi ya kijana wa kijijini asiye na cheti. Unafuata kazi iliko. Miaka ya 1950 kazi ilikuwa mkonge, na mkonge ulikuwa Tanga, kwa hivyo Edward akaenda Tanga kukata mkonge kwenye mashamba ya walowezi. Kama babu yako aliwahi kuchuma kahawa au majani chai ya wenyewe, unaelewa kazi hiyo. Mgongo unauma, mkono unachomwa na miiba, na mshahara ukifika una njia zake tayari.

Mwishoni mwa miaka hiyo akahamia Dar es Salaam, kwa jamaa zake waliokuwa Msasani. Akapata kibarua kwa mzungu aliyekuwa afisa wa serikali ya kikoloni. Alikuwa akitunza bustani na kufanya kazi za nyumbani. Uhuru ulipokuja Desemba 1961, wazungu wengi wakafunga virago. Wa kwake naye akaondoka. Nchi ikasherehekea, na Edward akabaki bila kazi.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya hasla kavu. Leo kibarua hiki, kesho kile. Aliuza mboga na matunda. Alikuwa pia mpenzi wa muziki, akapiga ngoma na kikundi cha watu wa kwao. Lakini hakuna kilichomshika. Angekutana na wewe mwaka 1967, ungemwona mtu wa makamo anayebangaiza tu mjini, wala usingegeuka kumtazama mara ya pili.

Rangi ya baiskeli na mbao za dari

Sasa sikiliza sehemu hii vizuri.

Dar ya wakati huo ilikuwa na picha za wachoraji kutoka Kongo, zikiuzwa kwa wageni. Inasimuliwa kwamba Tingatinga aliziona, akaona pia wanavyozinunua, akajiambia hata yeye anaweza. Hakuwa amesomea uchoraji hata siku moja. Mwaka 1968, akiwa na miaka 36 hivi, akaanza.

Hakuwa na kitambaa cha kuchorea wala rangi za wasanii zile za kwenye vijitubu. Vilikuwa ghali, na hakuna aliyemwambia kwamba lazima awe navyo. Akachukua ubao mgumu wa kuezekea dari, akaukata mraba wa kama sentimita 60 kwa 60. Akanunua rangi ya mafuta, ile ya mikebe inayotumiwa kupaka baiskeli. Kwanza anapaka ubao wote rangi moja, tuseme buluu au manjano. Ukikauka, anamweka mnyama mmoja katikati. Tembo, chui, simba au tausi. Hakuna milima nyuma wala kivuli. Ni mnyama na rangi yake, anakutazama wewe.

Ndiyo maana picha zile zinang'aa. Rangi ya baiskeli imetengenezwa kustahimili mvua na jua. Kile ambacho leo wajuzi wanakiita mtindo kilianza kama bei ya mkebe wa rangi dukani.

Lakini usidhani alikuwa anabahatisha. Upande wa mama yake ni Wamakua, watu walio na desturi ya kupamba kuta za nyumba kwa michoro, na wapo wanaoona kuta hizo kwenye mbao zake. Mkono ulikuwa wa Dar, jicho likawa limetoka nyumbani.

Mkewe, Agatha, alizipeleka picha sokoni. Soko lenyewe lilikuwa Morogoro Stores, Oysterbay, mtaa wa mabalozi na wazungu, chini ya mbuyu. Watu wa ubalozi wanakuja kununua nyanya, wanaondoka na chui chini ya kwapa. Bei ilikuwa ndogo, ila picha zilienda. Ikafika mahali shirika la serikali lililouza sanaa, National Arts of Tanzania, likaanza kununua kazi zake. Wakati huo pia alikuwa ameandikwa kazi hospitali ya Muhimbili kama mhudumu wa wodi. Kwa mara ya kwanza mambo yalianza kukaa sawa.

Hakuchora peke yake

Maombi yakawa mengi kuliko mkono mmoja. Akawaita jamaa zake na vijana wa karibu: Simon Mpata, Ajaba Abdallah, January Linda, Casper Tedo na Adeusi. Walikaa naye nyumbani, wakachanganya rangi, wakajaza mandhari, wakatazama, kisha wakaanza kuchora za kwao. Hakukuwa na karo wala fomu ya kujiunga.

Hapa nikulinganishie na mtu mwingine aliyezaliwa mwaka huohuo wa 1932, tena Tanzania hiyohiyo. Elimo Njau ni wa Marangu, chini ya Kilimanjaro. Yeye alisomea sanaa Makerere. Ukipanda matatu hadi Murang'a na kuingia kanisa kuu la Kianglikana, utaona kazi yake ukutani, aliyoichora mwaka 1959: Yesu Mwafrika, katikati ya matuta na migomba kama ya kwetu. Njau anajulikana kwa kuwakanya wasanii wasinakili kazi za wengine. Shule ya Tingatinga ilienda njia nyingine kabisa. Pale kunakili ndiko kulikokuwa kujifunza. Unamchora tembo wa mwalimu mpaka siku moja tembo anatoka wako.

Nani alikuwa sahihi? Mimi sina jibu. Ila najua kwamba bila wale vijana watano sita waliokaa naye sakafuni, leo usingekuwa unasoma jina lake.

Usiku wa 1972

Mwaka 1972, usiku, Tingatinga alikuwa ndani ya gari na marafiki zake jijini Dar es Salaam. Polisi walikuwa wakiwasaka wahalifu. Wakalidhania gari lile ndilo. Wakafyatua risasi, na moja ikampata yeye. Akafariki kabla hajapata matibabu. Alikuwa na miaka kama 40.

Hakuwa mwizi. Alikuwa mchoraji na mhudumu wa wodi.

Sitaki kurefusha hapa. Wewe kijana wa mtaa unaijua ile hali ya kutembea usiku kisha taa za landrova zinakupiga usoni, mikono inatoka mfukoni yenyewe. Unajua mama akipiga simu saa tatu kuuliza uko wapi si udaku. Soma tena sentensi ya juu ukijua hivyo.

Kuna mchoraji mwingine ambaye watu humtaja ukiongea juu ya maisha ya taabu: Vincent van Gogh, Mholanzi. Huyo naye alianza akiwa amechelewa, miaka 27, baada ya kushindwa kazi ya dukani na ya kuhubiri. Alichora miaka kumi, akaugua akili, akajikata sikio, akakaa hospitali ya wagonjwa wa akili, na mwaka 1890 akafa kwa jeraha la risasi akiwa na miaka 37. Alipokuwa hai karibu hakuna aliyenunua picha zake. Aliyemwokoa asisahaulike ni Johanna, mjane wa mdogo wake Theo, aliyetunza picha na barua na kuzisukuma ulimwenguni kwa miaka.

Tofauti ni kwamba Tingatinga aliuza akiwa hai, kwa watu wa kawaida, bei ya kawaida. Na hakuwa na Johanna. Alikuwa na kina Ajaba na Linda, wenye brashi na mikebe ya baiskeli.

Jina likakimbia mbele ya mwenye jina

Baada ya msiba wale wanafunzi wangeweza kutawanyika. Walibaki palepale Oysterbay, wakaendelea. Wakafundisha wadogo zao, wadogo wakafundisha wengine. Wanyama wakaongezeka kwenye ubao, yakaja maua, majani, hospitali, soko, mganga na mgonjwa wake. Mwaka 1990 wakasajili chama cha ushirika chenye jina lake. Simon Mpata alikuja Nairobi kuchora, na kazi zake zikapendwa sana Japani. Akafa 1984, na leo kuna hoteli ya kitalii Maasai Mara yenye jina Mpata.

Halafu kuna kitu ambacho huenda kilikulea. Unakumbuka katuni ya Tinga Tinga Tales, ile ya kueleza kwa nini tembo ana mkonga mrefu? Ilianza kuonyeshwa mwaka 2010 kwenye CBeebies, chaneli ya watoto ya BBC, na ilitengenezwa hapa Nairobi katika studio za Homeboyz. Tembo yule ni mjukuu wa tembo wa Morogoro Stores. Mtoto wa London alimpenda bila kujua kuna mzee aliyepigwa risasi Dar.

Hapo ndipo kuna uchungu wa hii stori. Sheria ya hakimiliki hulinda picha yako, hailindi mtindo wako. Picha moja ni yako. Namna ya kuchora tembo ni ya yeyote anayeweza. Kwa hivyo jina Tingatinga limeuza vikombe, fulana, kadi na mikoba dunia nzima, na sehemu kubwa ya pesa hizo haikupitia nyumbani kwake. Kazi zake halisi zilipoanza kutafutwa na matajiri, wakatokea hata wa kughushi sahihi yake.

Lakini sheria hiyohiyo ndiyo imewaacha mamia ya vijana wale ugali kwa mtindo wake. Ziangalie pande zote mbili, usichague haraka.

Sasa wewe

Mimi niliacha kolegi mwaka wa pili, karo ilipogoma. Nikarudi Nyeri na begi moja, nikawa nazunguka tauni mchana nikiogopa kukutana na mtu atakayeniuliza nafunga lini. Nilikuwa na miaka 21 na nilishaamini nimechelewa. Nilipomsoma Tingatinga mara ya kwanza, kilichonigonga ni ule mwaka 1968. Katika umri ambao kwetu mtu anahesabiwa ameshindwa, yeye ndiyo kwanza alikuwa ananunua mkebe wa rangi.

Sikuambii ukianza utafanikiwa. Yeye alianza vizuri na bado mji ulimla. Ninachokuambia ni kidogo zaidi: alitumia alichokuwa nacho, akamwonyesha aliyekaa karibu naye, na hivyo viwili ndivyo risasi haikuweza kuvifikia.

Kwa hivyo kama unachora mabango ya kinyozi Karatina, unapaka matatu michoro gereji, au unachora katuni kwenye simu ukiwa umelala, weka jina lako kwenye kazi yako. Kisha mwite kijana wa jirani aje akushikie mkebe.

Na siku ukipita tena pale kwenye ikweta Nanyuki, usitazame chui peke yake. Inama kidogo uangalie kona ya chini ya picha. Kuna jina limeandikwa hapo. Lisome kwa sauti.