Ibn Majid: Bingwa wa Nyota Aliyesingiziwa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyezijaalia nyota kuwa uongozi katika giza la bara na bahari.

Ahmad ibn Majid alizaliwa Julfar, nchi ya Ras al-Khaimah ya leo, katika karne ya 15. Baba na babu yake walikuwa mabaharia. Mwaka 895 Hijria (1489/90) aliandika Kitab al-Fawaid, juu ya nyota, dira, pepo za msimu na bandari. Katika shairi lake Sufaliyya aliieleza njia ya baharini hadi Sofala. Aliandika pia juu ya kuelekea kibla, elimu anayoihitaji hata Muislamu wa Bariadi, asiyeiona bahari, anapojenga msikiti wake.

Hata hivyo, wengi humkumbuka kwa tarehe isiyo yake: Aprili 1498, Vasco da Gama alipoondoka Malindi kwenda India. Qutb al-Din al-Nahrawali wa Makka, aliyeandika miongo kadhaa baadaye, alidai kuwa Ibn Majid ndiye aliyemwongoza, tena akiwa amelewa. Lakini waandishi wa Kireno wa karne ya 16 walimtaja rubani huyo kuwa mtu wa Gujarat. Kila safari ile inapoadhimishwa, kama mwaka 1998 ilipotimiza miaka 500, tuhuma hiyo hurudi.

Ndugu wazazi, Surat al-Hujurat imetuamrisha kuhakiki habari, na maiti hawezi kujitetea. Basi tuwafundishe watoto wamkumbuke kwa mwaka wa kitabu chake. Allah amrehemu. Amin.